Kuogesha Mbwa Nyumbani Bila Kupigana Naye

Kazi yangu ni kuogesha mbwa majumbani, kuanzia Kasarani hadi Lang'ata. Karibu kila mbwa ninayeambiwa kwamba hapendi maji aliwahi kufungwa mnyororo na kumwagiwa maji baridi kichwani kwa mpira. Mshtuko ule haumtoki. Ukifuata mpangilio huu polepole, hata mbwa wa namna hiyo hutulia baada ya mara mbili au tatu.

1. Chagua saa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai jua linaweza kujificha siku nzima. Ogesha kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, jua likiwa limetoka. Likikataa, ahirisha. Mbwa wengi wanatosheka na kuoga mara moja kwa mwezi. Mtoto ambaye hajafikisha wiki nane mpanguse tu kwa kitambaa chenye uvuguvugu. Na kama umemdondoshea dawa ya viroboto shingoni, acha zipite siku mbili kwanza.

2. Weka maji tayari. Mahali ambapo maji ya mfereji huja siku maalumu, usianze kabla hujahesabu mitungi. Kwa mbwa mkubwa ninatenga ndoo tatu za lita 20: moja ya kulowesha na kusugua, mbili za kusuuza. Pasha maji yawe ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Weka karibu jagi, taulo mbili na shampuu ya mbwa. Tandika gunia au taulo kuukuu chini, kwa sababu mbwa anayeteleza ni mbwa anayeogopa.

Sabuni ya kufulia na ya vyombo ziache jikoni. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, hukauka na kuanza kumwasha, kisha atajikuna wiki nzima nawe udhani ana viroboto.

3. Chana akiwa mkavu. Manyoya yaliyofungana yakilowa hukaza zaidi. Hapa ndipo pia utakapowaona kupe, kwa hiyo tumia vidole kuliko macho: ndani na nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mshipi wa shingo, katikati ya vidole vya miguu. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha, kisha umtumbukize kwenye spiriti. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma, na usimpasue kwa kucha.

Niseme hili kwa uzito. Wapo wanaochukua dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuichanganya kwa kukadiria. Niliwahi kuitwa nyumba moja Ruai nikamkuta mbwa anatetemeka, udenda unamtiririka, baada ya kuogeshwa hivyo. Tulimkimbiza kwa daktari na akapona, lakini ilikuwa ni kwa bahati. Dawa ya kupe iulize kwa daktari wa wanyama, naye ataipima kwa uzito wa mbwa wako.

4. Anza sabuni shingoni. Kabla ya hapo, lowesha miguu kwanza, kisha mgongo na tumbo, ukiongea naye kwa sauti ya chini. Jagi lishushe karibu na mwili ili maji yasimpige. Halafu paka shampuu kuizunguka shingo yote mpaka povu liwe kama kola. Viroboto wakihisi maji hukimbilia usoni, na povu hilo huwazuia. Kutoka hapo shuka hadi mkiani, ukisugua kwa ncha za vidole. Shampuu yenye dawa iache ikae kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, mara nyingi 10. Uso usiumwagie maji kabisa, upanguse kwa kitambaa kibichi. Masikio yazibe kwa pamba wakati wote.

5. Suuza, kisha suuza tena. Wengi huchoka hapa, na ndiyo maana nilitenga ndoo mbili. Sabuni iliyobaki kwenye ngozi huwasha kuliko uchafu uliokuwepo. German Shepherd na Japanese Spitz wana manyoya ya tabaka mbili, na lile la chini hushika povu hata juu linapoonekana safi. Yapanue kwa vidole, mimina, kamua, angalia maji yanayodondoka. Yakiwa bado na weupe, endelea. Kwapa na kinena ndizo husahaulika.

6. Kausha. Mwache ajikung'ute, kisha mkandamize kwa taulo bila kumsugua. Toa pamba, kausha masikio. Mtembeze juani kwa kamba, maana ukimwachia atakwenda moja kwa moja kujigaragaza kwenye udongo mwekundu.

Kama ufizi wake ni mweupe, ana homa, damu inamtoka puani au amekataa chakula, acha kumwogesha umpeleke kwa daktari, kwani hizo huweza kuwa dalili za ugonjwa unaoletwa na kupe. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo kule Kabete.

7. Kibanda, siku hiyo hiyo. Mayai ya viroboto hudondoka kwenye matandiko, na kupe wa mbwa hutagia kwenye nyufa za kuta na mbao. Fua blanketi kwa maji moto, fagia kila pembe, ziba nyufa. Blanketi lisipokauka kufikia jioni, mtandikie taulo kavu alalie usiku huo.