Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kung'oa Nanga Lamu: Tahadhari za Hali ya Hewa na Mawingu

Kabla ya chombo kung'oa nanga Lamu kuelekea Faza, Kizingitini au Kiwayu, tahadhari ya hali ya hewa isomwe yote, kwa kuwa wengi huishia kwenye kichwa chake kisha hutazama mbingu ili kuithibitisha. Tahadhari hueleza hali inayotarajiwa katika eneo pana kwa siku kadhaa, ilhali wingu hueleza saa moja au mbili zijazo pale ulipo. Nahodha anavihitaji vyote viwili.

Msomaji aangalie kwanza ni lini hali hiyo inaanza na kuisha, na kama Lamu imetajwa. Upepo wa noti 25, kiwango ambacho Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hukitaja mara nyingi katika tahadhari za pwani, ni sawa na takriban kilomita 46 kwa saa. Kuhusu mawimbi, ni vyema kufahamu kwamba urefu unaotabiriwa huwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Kwa hiyo tahadhari ikisema mita 2, wimbi moja moja laweza kukaribia mita 4, na mashua iliyojaa abiria haiwezi kulistahimili.

Jambo linalowaponza wengi ni mbingu safi. Wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo utokao kusini, upepo mkali huvuma chini ya mavundevunde meupe, yaani kumulasi ndogo, ambayo yenyewe hayana madhara, huku bahari ya nje ikiwa imechafuka. Hali huwa mbaya zaidi mlangoni, kati ya Shela na Manda, maji yanapokupwa na kukabiliana na upepo unaoingia, kwa maana mawimbi husimama wima na kuvunjika. Nyakati za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida na mkondo unapokuwa na nguvu zaidi, ni bora kusubiri.

Mawingu mepesi ya juu, yaitwayo sirasi, huwa ni ya chembe za barafu na hayanyeshi. Stratasi hutanda chini na pengine huleta manyunyu. La kuogopwa ni kumulonimbasi: wingu linalokua kwenda juu kwa kasi, lenye kitako cheusi na kilele kilichotandazika kama fuawe, ambalo katika nchi za joto laweza kuzidi kilomita 12 kwa kimo. Hewa baridi iporomokayo kutoka ndani yake husambaa mbele ya mvua, hivyo dhoruba hufika kabla ya tone la kwanza, na tanga lipunguzwe mapema. Muda kati ya umeme na ngurumo ukiwa chini ya sekunde 30, wingu liko umbali usiozidi takriban kilomita 10, na radi yaweza kukupiga hapo ulipo.

Vimbunga ni nadra kufika Lamu kwa sababu iko karibu na ikweta. Hata hivyo, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoelekea pwani ya Tanzania, pwani ya Kenya nayo ilipewa tahadhari ya upepo na mawimbi.

Abiria naye ana haki ya kumuuliza nahodha kama ameisoma tahadhari. Jaketi za kuokolea maisha zivaliwe tangu gatini, watoto wakianza. Simu ifungwe ndani ya mfuko usiopenya maji. Na jamaa aliyebaki nchi kavu aambiwe njia itakayofuatwa na saa ya kufika, ili chombo kikichelewa atafute msaada mara moja.