Jinsi ya Kuwauzia Wageni Matembezi ya Mwani Jambiani na Paje

Mgeni anayefika pwani ya mashariki ya Unguja hutajiwa mambo yaleyale na karibu kila anayemkuta: pomboo wa Kizimkazi, mashamba ya viungo, Mji Mkongwe. Mfanyabiashara mdogo asiye na boti wala gari akijiingiza katika ushindani huo, silaha pekee atakayobaki nayo ni kushusha bei. Ni afadhali auze kilicho mlangoni kwake, yaani matembezi ya kwenye mashamba ya mwani maji yakipwa. Zao hili limelimwa hapa kibiashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake.

Anza na kalenda ya maji kabla ya kufikiria tangazo lolote. Wakulima huingia shambani zaidi wakati wa bamvua, katika siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo bahari hupwa mbali na kupwa huko huangukia asubuhi, kwenye saa nne hivi. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa takriban dakika 50, na zikifika siku za maji mafu hayatoki vya kutosha, hivyo mgeni hataona mengi. Kwa hiyo chukua jedwali la maji, andika tarehe na saa za kuanza matembezi kwa miezi mitatu ijayo, kisha ulibandike hotelini na uliweke kwenye ukurasa wako. Mtu anayepanga safari akiwa Ulaya ataweza kuchagua siku yake mwenyewe bila kukuuliza, na huenda akapanga hata siku za kulala Jambiani kwa kuifuata kalenda yako. Saa ziandikwe kwa namna anayoisoma yeye, 10:00, kwa maana anayesoma "saa 4" atakuja alasiri na kuikuta bahari imejaa.

Katika maelezo, yaache maneno kama "ya kipekee" na "isiyosahaulika", ambayo kila mtu anayaandika na hakuna anayeyaamini. Eleza matembezi yanachukua muda gani, maji yatamfika wapi mguuni, kwa nini anahitaji viatu vya kuingia navyo baharini, kama watoto wanaruhusiwa, bei ni kiasi gani kwa mtu mmoja, na katika bei hiyo mkulima anapata nini. Jambo hili la mwisho huulizwa sana, na asiyekuwa na jibu la kweli ni heri asianze biashara hii. Picha nazo zipigwe kwa ridhaa ya mama anayelima, naye alipwe.

Wauzaji wako wa kwanza ni wahudumu wa mapokezi katika hoteli ndogo zilizo umbali wa kutembea kwa miguu. Waalike watembee bure mara moja, kubalianeni kamisheni, na uilipe siku hiyohiyo. Fungua pia ukurasa wa biashara kwenye ramani ya Google. Majukwaa ya kuuzia matembezi mtandaoni kama Viator na GetYourGuide huleta wageni, lakini mara nyingi hukata kati ya asilimia 20 na 30, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kutangaza bei. Kwenye WhatsApp jibu upesi, kwani huenda mgeni amewaandikia watu kadhaa kwa wakati mmoja.

Kwa kuwa wageni wengi wamekwisha kusumbuliwa na mapapasi, yaani vijana wanaowaandama wageni wakiwauzia huduma, leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar iwe mahali inapoonekana. Maoni yaombwe ana kwa ana matembezi yakimalizika, kisha utume kiungo jioni hiyo. Usiahidi punguzo ili upewe nyota, kwani Tripadvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, inakataza jambo hilo. Lalamiko lijibiwe kwa sentensi mbili au tatu za adabu, ukieleza ulichorekebisha.

Siku za maji mafu unaweza kuuza somo la kutengeneza sabuni ya mwani nyumbani kwa mmoja wa akina mama. Lipe jina lake na bei yake, na usimpeleke huko mgeni aliyelipia bahari kabla hujamuuliza kama anataka kubadilisha au arudishiwe fedha zake.