Chimbua maharagwe yako uone kama bakteria wameitika

Usiung'oe mmea kwa kuvuta shina. Vinundu, vile vivimbe vidogo vya mizizini wanamoishi bakteria, vitabaki ardhini. Maharagwe yakianza kutoa maua, chimba kwa jembe pembeni, kina cha shubiri moja, uinue bonge zima la udongo, kisha ulioshe taratibu ndani ya beseni. Shambani kwangu hapa Vihiga nafanya hivyo kwa mimea mitano, kila mmoja sehemu yake.

Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama mbichi, bakteria wako kazini, wanageuza nitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Cheupe hakijaanza, au kimekaliwa na bakteria wasiofaa. Cha kijani kimezeeka.

Mazungumzo ya mmea na bakteria hao ndiyo hunivutia zaidi. Mzizi hutoa kemikali ziitwazo flavonoidi. Bakteria wa rizobia wakizihisi, nao hutoa ishara yao. Kinyweleo cha mzizi kikiipokea hujikunja na kuwakumbatia, kisha huwatengenezea kijia chembamba cha kuwafikisha ndani ya seli. Asidi kali huvuruga mazungumzo hayo, kwa hivyo pima udongo, na ikibidi weka chokaa kabla ya mvua za Machi. Ukimwaga mbolea nyingi ya nitrojeni, mmea huwafungia mlango.

Ukipaka mbegu rizobia wa dukani, zipake kivulini na uzipande siku hiyo hiyo. Mwaka juzi niliacha pakiti juani kutwa nzima. Msimu huo nilichimbua mizizi mitupu, laini kama uzi. Soya ina rizobia wake, usiipake wa maharagwe.