Jinsi ya kurekodi hadithi ya mkutubi mpelelezi bila sauti yako kumchoma muuaji

Kama umepata kazi ya kurekodi kitabu cha sauti cha upelelezi cha ile aina nyepesi, mji mdogo, mkutubi mdadisi, maiti inakutwa kati ya rafu lakini damu yenyewe huioni, jua kabisa shida yako kubwa sio maiki. Shida ni sauti yako kumchoma muuaji kabla mwandishi hajataka. Anayesoma karatasi anaona maneno tu, ila msikilizaji anakusikia wewe, na ukimpa yule daktari mpole, tuseme ndiye muuaji, kauli ya kinyokanyoka kwenye sura ya 3, kwisha habari, sura zote zilizobaki unasoma za bure.

Hatua ya 1: Mjue muuaji kwanza

Usirekodi hata sentensi moja kabla hujafika ukurasa wa mwisho. Ukimaliza rudia tena na kalamu mkononi, weka alama moja kwenye madokezo ya kweli na alama nyingine kwenye yale ya kumpoteza mtu njia. Sasa hapa ndo wengi wanaharibu, maana wakikuta dokezo wanapunguza spidi, wanashusha sauti, yaani ni kama wanamkonyeza msikilizaji. Chukua sentensi kama hii: "Alirudisha kitabu, akachukua mwavuli wake, akaaga." Kama mwavuli ndio ushahidi wenyewe, usiukazie, usome kwa uzito uleule wa kitabu na kuaga. Ila usiumeze pia, kwasababu msikilizaji wako anaosha vyombo huku amevaa hedifoni na hawezi kurudisha macho mistari miwili juu, kwahiyo neno litoke safi halafu pita zako.

Hatua ya 2: Gawa sauti

Mkutubi mpe sauti iliyo karibu na yako ya kila siku. Najua inatamanisha kumbania pua na kumzeesha kidogo, lakini piga hesabu: saa moja ya kitabu kilichokamilika hubeba maneno kama 9,300, kwahiyo kitabu cha maneno 70,000 ni saa saba na nusu za huyo huyo mama, na koo ni lako.

Wengine watofautishe kwa spidi, kwa pumzi na kwa mahali wanapotua. Kama we ni mwanaume unasoma mwanamke, usipande juu mpaka ionekane unamkejeli, lainisha tu na upunguze kifua. Kila mhusika mrekodie klipu fupi uiweke kwenye folda moja, ili yule mzee wa posta akirudi sura ya 19 uisikilize kwanza kabla hujafungua mdomo.

Halafu kuna ile simu ya vitisho, au sura inayosimuliwa na muuaji ambaye hajatajwa jina. Ukitumia sauti yake ya kawaida umemtaja. Ukimtungia sauti mpya kabisa umemdanganya msikilizaji na mwishoni atakudai. Mi hapo nanong'ona, maana mtu akinong'ona nyuzi za sauti hazitetemeki, kile kimo cha sauti kinachomtambulisha kinapotea, na mnong'ono ni wa mtu yeyote. Sogea karibu na maiki badala ya kuongeza geini, yaani nguvu ya maiki kunasa sauti, ukiongeza geini unaongeza na kelele za chumba, na geuza mdomo pembeni kidogo pumzi isiigonge maiki.

Hatua ya 3: Namba za rafu

Hii ni ya vitabu vya wakutubi tu na watu wanaidharau. Mwandishi akiificha siri kwenye namba ya Dewey, zile namba za maktaba za kupanga vitabu kwa mada, tuseme 364.1523 ambayo ndiyo ya mauaji, amua mapema utaisoma vipi na usibadilishe mpaka mwisho. Mi nasoma "tatu sita nne, nukta, moja tano mbili tatu", na nukta naipa pumzi. Ukisoma hivyo sura ya 2 halafu sura ya 20 ukaja na "mia tatu sitini na nne", sikio haliunganishi na dokezo limekufa.

Hatua ya 4: Chumba na kurekodi

Kabati lililojaa nguo linatosha, au mablanketi mazito pande zote. Zima feni. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo. Mdomo ukianza kubofyabofya kunywa maji au tafuna tufaha la kijani. Ukikosea usirudie aya nzima, rudi sekunde chache, programu ikuchezee sauti yako halafu ingia palepale ulipokosea. Audacity ni ya bure na hiyo kitu inayo.

Sura ya kufichua irekodi siku koo limepumzika. Watu wote wamekusanyika maktaba, kila mmoja anamkatiza mwenzake, unaruka sauti nane ndani ya ukurasa mmoja. Na muuaji akishikwa, tafadhali usimbadilishe akawa jitu la kwenye katuni. Muache daktari aongee kwa sauti ileile, mtoe ukarimu tu, na hapo ndo anatisha.

Hatua ya 5: Vipimo na kupeleka

Kwa wanaopitia ACX, tovuti ya kupeleka vitabu vya sauti, kwenda Audible, duka linaloviuza: kila sura faili lake, lisizidi dakika 120, MP3 ya kbps 192 au zaidi, 44.1 kHz, RMS (wastani wa ukubwa wa sauti) kati ya -23 na -18 dB, kilele kisipite -3 dB, kelele ya chini, ile inayobaki ukiwa kimya, isizidi -60 dB. Ukifika kwenye minong'ono usiiburute ilingane kabisa na mazungumzo ya kawaida, iache iwe chini kidogo kisha pima sura nzima.

Mwisho chagua sampuli, kile kipande anachoonjeshwa msikilizaji kabla hajanunua, isizidi dakika 5. Kwa hadithi kama hizi mi nachukua ugomvi mdogo wa maktaba kabla maiti haijapatikana, mkutubi anamdai mtu kitabu alichochelewesha, sauti mbili au tatu zinasikika na hakuna dokezo lolote ndani. Kipande chenye mwavuli usikiguse.