Kamba ya mita kumi: kusimulia maisha ya manusura wa kambi za Wanazi darasani Malindi

Mwalimu anayesimulia habari za manusura wa kambi za Wanazi, watawala wa Ujerumani waliowaua Wayahudi kwa mamilioni, mara nyingi huanzia getini mwa kambi na kukomea siku ya ukombozi. Wanafunzi hutoka wakimjua mfungwa, mtu mwenyewe hawamjui. Kamba ya kuanikia nguo hurekebisha hilo. Tumemchukua Leon Greenman, Myahudi Mwingereza aliyenusurika, kwa kuwa tarehe zake zimehifadhiwa vizuri.

Nunua kamba ya mita 11, vibanio 16, na karatasi ngumu ukate kadi 8 za upana wa sentimita 10. Kipimo ni sentimita 10 kwa kila mwaka. Acha nusu mita ya kufungia, kisha weka alama ya sifuri: Desemba 1910, Leon anazaliwa London. Sentimita 245, 1935, anamwoa Else, na baadaye wanakaa Rotterdam, Uholanzi. Sentimita 292, Machi 1940, anazaliwa mtoto wao Barney. Miezi miwili baadaye Wajerumani wanaivamia Uholanzi. Sentimita 321, Januari 1943, wanapelekwa kambi ya Birkenau. Sentimita 343, Aprili 1945, anakombolewa kambi ya Buchenwald, Ujerumani. Kisha 515 (1962), 870 (1998) na 972 (Machi 2008, anafariki).

Kila kadi ibanwe pembe zote mbili. Kaskazi ikivuma, kadi yenye kibanio kimoja hugeuka mgongo, na darasa zima litaangalia hiyo badala yako.

Kabla ya kusema lolote kuhusu kambi, mwite mwanafunzi apime kwa shubiri kati ya 321 na 343. Shubiri moja, basi. Halafu apime kutoka 343 hadi mwisho: mita 6 na sentimita 29. Waache watazame.

Sasa ingia ndani ya ile shubiri, na hapa usiharakishe. Leon alikuwa raia wa Uingereza, na uraia huo ungeweza kumwokoa. Rafiki zake aliowapa pasipoti wazitunze walizichoma kwa hofu. Familia ikazuiliwa Westerbork, kambi ya kupitisha watu, na hati mpya za kuthibitisha uraia zikafika treni imeshaondoka. Birkenau wanaume walitengwa na wanawake na watoto. Leon aliiona lori ikiwachukua Else na Barney. Aliwatambua kwa mavazi aliyoshona Else kwa kitambaa cha pazia jekundu. Waliuawa kwa gesi. Yeye alichanjwa namba 98288 mkononi, akafanyishwa kazi Monowitz, na wafungwa walipohamishwa mwanzoni mwa 1945 akaswagwa kwa miguu kwenye baridi kali, kisha akapakiwa treni hadi Buchenwald.

Maneno mawili hukwamisha darasa. “Kambi” kwa mtoto wa hapa ni ya wakimbizi au ya mpira. Eleza kuwa Westerbork ilikuwa ya kupitisha, Birkenau ya kuulia, Monowitz ya kazi za lazima. “Gesi” nayo wengi hudhani ni ile ya mtungi wa jikoni. Ilikuwa sumu ya kuulia wadudu, Zyklon B.

Usiwafanye wanafunzi waigize wafungwa na askari. Huishia kwenye kicheko, au mtoto mmoja akalia na hujui la kumfanyia. Picha za maiti pia ziache. Kile kitambaa chekundu kinatosha.

Kati ya 343 na 515 usitundike kitu. Leon alirudi London, akauza bidhaa sokoni, akaimba jukwaani, wala hakuoa tena. Mwaka 1962 alishuhudia mkutano wa Wanazi mamboleo London, na tangu hapo akaanza kusimulia hadharani. 1998 alitunukiwa OBE, nishani ya heshima ya Uingereza, kwa kazi hiyo.

Suali la Gaza litaulizwa, aghalabu kabla hujafika 1945. Usilizime. Liandike ubaoni, taja siku mtakayolijadili na uitimize, kisha urudi kwa Barney, aliyekufa hajafikisha miaka mitatu.

Anza saa kumi na nusu, baada ya alasiri, umalize saa kumi na mbili kabla ya adhana ya magharibi. Dakika 20 za mwisho ni za masuali. Kamba usiifungue mpaka wametoka wote. Daima hubaki wawili watatu wanaotaka kuipima tena.