Somo: Katheta ya shingoni, na ncha yake ikae inapotakiwa

Wenzangu wa wodi za wagonjwa mahututi, hamjambo. Nimetoka zamu ya usiku hapa Kisumu, na kabla sijalala nataka tuzungumzie katheta ya mshipa mkuu, yaani mrija wa dawa unaopitishwa kwenye mshipa mkubwa hadi karibu na moyo. Wengi wenu mnaiweka vizuri. Ila kuna mambo mawili tunayapitia mbio: kuhakikisha umo ndani ya vena (mshipa unaorudisha damu kwenye moyo) kabla ya kupanua tundu, na kujua ncha imeishia wapi.

Miaka iliyopita, katika hospitali nisiyoitaja, nilimwekea katheta mzee aliyejaa usaha tumboni. Shinikizo lake la damu la juu lilikuwa 60. Damu iliyorudi kwenye bomba la sindano ilikuwa nyeusi, haikuruka, ilijivuta tu. Nikasema hii ni vena. Nikapitisha waya, nikapanua, nikaingiza katheta. Tulipounganisha kipimo, monita ikachora mawimbi ya ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo. Nilikuwa nimeweka mrija wenye unene wa zaidi ya milimita 2 kwenye ateri ya shingo. Madaktari wapasuaji waliutoa na mzee akapona, lakini tangu siku hiyo siiamini rangi ya damu. Mgonjwa aliyeishiwa shinikizo na oksijeni, damu ya ateri yake hufanana kabisa na ya vena.

Hatua ya kwanza: pima urefu. Mgonjwa aliyelala hakadiriwi kwa macho. Chukua utepe wa fundi cherehani, mpime kutoka utosini hadi kisiginoni, uandike. Utauhitaji baadaye.

Hatua ya pili: chagua upande. Mimi huanza na jugula ya ndani ya kulia, vena kubwa ya shingoni, kwa sababu njia yake imenyooka hadi kwenye moyo. Subklavia, vena iliyo chini ya mtulinga, hupata maambukizi machache zaidi, lakini ni rahisi kutoboa pafu. Ya kwenye kinena ni ya dharura, au ya mgonjwa asiyeweza kulala chali.

Hatua ya tatu: mlaze kichwa kikiwa chini kidogo, nyuzi 10 hadi 15, isipokuwa ana shinikizo kichwani. Usimgeuze shingo sana. Ukiigeuza kupita kiasi, vena hupanda juu ya ateri, na sindano ikivuka upande wa pili wa vena inaingia ateri. Weka probu ya ultrasaundi kabla hujanawa, utazame. Bonyeza kidogo: vena hufumba, ateri hubaki duara na kudunda. Ikiwa vena haifumbi, huenda ina damu iliyoganda. Nenda upande mwingine.

Hatua ya nne ni usafi: nawa, vaa kofia, barakoa, gauni na glavu zilizotakaswa, mfunike mgonjwa mwili mzima, paka dawa ya kuua vijidudu, klorheksidini yenye alkoholi, na uiache ikauke yenyewe. Utafiti wa jimbo la Michigan nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ilipunguza sana maambukizi ya damu kwa mambo ya kawaida namna hii. Probu ikikosa mfuko wake, glavu iliyotakaswa yenye jeli ndani inafaa.

Hatua ya tano: sindano. Tia ganzi, kisha ingia ukivuta bomba taratibu. Doa jeupe unaloona kwenye skrini linaweza kuwa shina la sindano, si ncha. Sogeza probu mbele hadi doa lipotee, rudi hadi litokee tena. Hapo ndipo ncha ilipo.

Hatua ya sita: waya. Hapa tulieni. Waya upite bila nguvu, laini kama uzi kwenye tundu la shanga. Ukigoma usiusukume. Na ukikataa kurudi ndani ya sindano, toa sindano na waya pamoja, kwa sababu makali ya ncha yanaweza kuukata. Hesabu alama zake, usizidi sentimita 20. Monita ikianza kutoa mapigo yasiyo na mpangilio, waya umegusa moyo, vuta nyuma.

Sasa, kabla kipanuzi hakijagusa ngozi, rudisha probu. Utafute waya ndani ya vena, kwanza kwa mkato wa upande, halafu kwa urefu, ukiufuata kuelekea kifuani. Ukiwa na shaka yoyote, pitisha kanula fupi (mrija mdogo wa plastiki) juu ya waya, toa waya, unganisha mrija mwembamba uliotakaswa, ujaze damu kwa kuushusha, halafu uinue wima. Damu ya vena itashuka. Ya ateri itapanda mpaka imwagike. Njia hii haihitaji umeme wala mashine, na ingemwokoa mzee wangu.

Hatua ya saba: kata ngozi kidogo, panua ngozi na nyama tu, usizamishe kipanuzi chote. Pitisha katheta juu ya waya, lakini usiisukume ndani kabla mkia wa waya haujatokea nyuma yake na ukaushika. Wodini kwetu sista anayesaidia husema kwa sauti, "Waya umetoka," anapouona mzima mezani. Kisha vuta damu kwenye kila tundu la katheta na usukume maji ya chumvi.

Hatua ya nane: kina. Kwa jugula ya kulia, gawanya urefu kwa 10. Mama wa sentimita 160 hupata 16, nami hupunguza moja au mbili. Kushoto njia ni ndefu na ina kona, kwa hiyo tumia katheta ya sentimita 20 ili ncha ipite kona na ilale sambamba na ukuta wa vena kava ya juu, mshipa mkubwa unaoingia kwenye moyo kutoka juu. Ncha inayochoma ukuta inaweza kuutoboa baada ya siku chache. Kwenye eksirei, tafuta pale koo la hewa linapogawanyika mara mbili: ncha iwe karibu na usawa huo, ya kushoto inaweza kushuka kidogo. Isiingie ndani ya moyo. Tazama pia mapafu, kama kuna hewa nje ya pafu.

MASWALI

Muuguzi, Kakamega: Daktari, usiku mpiga eksirei hayupo. Noradrenalini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, isubiri hadi asubuhi?

Hapana, sista. Kama waya ulionekana ndani ya vena na mrija ulionyesha damu ikishuka, anza. Ukiwa na ultrasaundi, tazama moyo huku msaidizi akisukuma maji ya chumvi yaliyotikiswa kwenye tundu linaloishia nchani mwa katheta: viputo vikitokea upande wa kulia wa moyo ndani ya sekunde 2, uko mahali pazuri. Na hata kabla ya katheta, noradrenalini inaweza kuanza kwenye kanula nzuri ya mkono wa mbele kwa saa chache, mtu akikagua ngozi mara kwa mara.

Afisa wa kliniki, Bungoma: Sisi hatuna ultrasaundi kabisa.

Basi kaka, kwanza jiulize kama kanula mbili nzuri hazitoshi mpaka ahamishwe. Ikilazimu, tafuta kilele cha pembe tatu ya misuli ya shingo, gusa ateri kwa kidole, ingiza kwanza sindano ndogo ukielekeza kwenye chuchu ya upande huo huo. Vena haiko mbali, usizame. Mtihani wa mrija usiuache hata kidogo. Mgonjwa ambaye damu yake haigandi, nenda kinena, ambako unaweza kukandamiza.

Muuguzi wa ICU, Nakuru: Katheta inapitisha dripu lakini hairudishi damu. Niisukume kwa nguvu?

Usisukume. Mara nyingi ncha imegusa ukuta. Mgeuze, mwinue mkono, vuta tena. Ikikataa, rudi kwenye eksirei, kwa sababu katheta ya subklavia huweza kupanda shingoni badala ya kushuka. Mpaka ujue ncha iko wapi, usipitishe dawa kali humo.

Daktari wa mafunzo ya kazi, Kisumu: Na kama katheta tayari iko kwenye ateri?

Ikiwa ni sindano tu, itoe na ukandamize dakika 10 bila kufungulia. Ikiwa umeshapanua, iache hapo hapo, ifunge, piga simu kwa daktari mpasuaji, na usiruhusu mtu yeyote kuivuta, hata akiwa mkubwa wako. Mimi usiku ule nilitaka kuivuta kwa aibu. Sista mmoja alinishika mkono.