Jinsi ya kujitengenezea kokpiti ya kugusa kwa ajili ya Hornet ya DCS bila kuuza figo

Wakuu, kama unarusha F/A-18C (ndo hiyo Hornet, ndege ya kivita) kwenye DCS World, lile gemu la kurusha ndege kwenye kompyuta, kwa mausi na kibodi mateso yenyewe unayajua. Uko angani, kuna mtu kakuloki, we unahangaika kukatafuta kale kakitufe ka UFC, ile paneli ya kuingizia namba mbele ya rubani, kwa mausi, unazoom, unakosa, unabonyeza cha pembeni, unafuta unaanza upya, ukija kuinua macho pua ya ndege inaangalia bahari. Mi nimeishi hivyo karibu mwaka mzima. Siku hizi nina kioo cha kugusa cha inchi 15.6 kimekaa chini ya moniti kubwa, hapo ndo zipo DDI zangu mbili, zile skrini za kushoto na kulia za ndege, na UFC katikati, nagonga kwa kidole kama ATM.

Kabla hujanunua chochote elewa kwanza kinachofanyika humo ndani, maana wengi wanarukia kununua kioo halafu wanakwama. DCS ina uwezo wa kuchora zile skrini za ndani ya ndege sehemu yoyote ya desktop utakayoitajia kwa pikseli. Hiyo ni kazi ya kwanza, na ni ya DCS yenyewe. Kazi ya pili ni vitufe, hivyo vinachorwa na programu nyingine inaitwa Helios, ya bure kabisa, inakaa juu ya ile picha, ukigusa kitufe inaiambia DCS kwamba kitufe fulani kimebonyezwa. Kwa hiyo kwenye kioo kimoja kuna vitu viwili vinakutana. Ukilishika hilo tu hutapotea: picha haipo, tafuta shida upande wa DCS. Picha ipo ila vitufe vimekufa, tafuta upande wa Helios au kwenye Export.lua, faili ambalo DCS inalitumia kuongea na programu za nje.

Vifaa. Moniti ya kugusa yoyote yenye HDMI na USB inatosha. Kumbuka ni kebo mbili, HDMI inaleta picha na USB inapeleka mguso, kuna watu wanachomeka HDMI peke yake halafu wanasema kioo kibovu. Chukua yenye tachi kama ya simu, zile fremu za infraredi nazo zinafanya kazi ila kitu chochote kikikaa mbele yake kinahesabika kama kidole, na baadaye nitakueleza kwa nini hilo linauma. Kama hela haijakaa vizuri na una tableti ya Android imelala tu kabatini, weka spacedesk, inaigeuza tableti kuwa moniti ya pili na kugusa kunafanya kazi, ila tumia kebo ya USB achana na wifi, wifi inachelewa na kitufe kinachochelewa kinakera kuliko kukosa kitufe. Kama unatumia miwani ya VR basi somo hili si lako, kioo chenyewe hutakiona.

Na ndege je? DCS yenyewe ni bure na inakuja na Su-25T na TF-51D, Hornet inalipiwa lakini kuna majaribio ya siku 14, kwa hiyo unaweza ukajaribu haya yote kabla hujatoa hata senti kwenye ndege.

Haya tuanze na Windows, maana hapa ndo nusu ya matatizo yanapozaliwa. Chomeka kioo, nenda kwenye mipangilio ya Display, moniti kubwa iwe ndio kuu, kile kioo kiburute kikae KULIA kwake na vichwa vya moniti zote mbili viwe sawa juu kabisa, visipishane hata kidogo. Ndiyo, mezani kimekaa chini, ila Windows we iambie kiko kulia, hesabu zinakuwa nyepesi. Scale weka 100% kote kote. Ukiacha 125% kwenye moja, picha na vitufe vitapishana kama viatu vya msikitini.

Halafu fungua Control Panel, Tablet PC Settings, bonyeza Setup, itakuambia gusa skrini ipi ndo ya tachi. Usiporuka hatua hii utagusa kioo cha chini mausi inaruka moniti ya juu... namaanisha UKIIRUKA, samahani. Bado uko Control Panel ingia Pen and Touch, chagua Press and hold, zima. Hii hakuna anayekuambia. Usipoizima, ukishikilia kitufe sekunde moja Windows inadhani unataka kubofya kulia, inakuchorea kiduara, na swichi yako ya kushikilia haishikiki.

Sasa hesabu. Kioo changu ni 1920 kwa 1080, kwa inchi 15.6 maana yake sentimita moja ni kama pikseli 55. Kidole cha mtu mzima kinataka kitufe cha angalau sentimita moja, chini ya hapo utabonyeza viwili kwa mpigo. DDI ina vitufe 20, vitano kila upande. Nikaipa picha ya DDI pikseli 600 kwa 600, vitufe vikapata nafasi ya 90 kila pembeni, jumla 780. DDI mbili ni 1560, zinabaki 360 katikati kwa UFC, kama sentimita sita na nusu, keypad ya safu tatu inaingia vizuri tu. Chini inabaki mistari ya pikseli 300 ya gia, flapsi, ndoano ya kutua melini (hook) na taa. AMPCD, ile skrini ya tatu ya katikati chini, haikuingia, nikaiacha kwenye moniti kubwa, na kiukweli sijaikumbuka.

Faili lenyewe sasa. Nenda Saved Games, DCS, Config, tengeneza folda inaitwa MonitorSetup kama haipo, humo ndani weka faili liitwe kioo_hornet.lua. Usiliweke kule DCS ilikoinstoliwa, mambo ya kule yanaguswa na kila apdeti, ya Saved Games yanabaki. Ndani yake:

_ = function(p) return p; end;
name = _('kioo_hornet')
Description = 'Hornet na kioo cha kugusa'
Viewports = {
  Center = { x = 0; y = 0; width = 1920; height = 1080; viewDx = 0; viewDy = 0; aspect = 1920/1080; }
}
LEFT_MFCD = { x = 2010; y = 90; width = 600; height = 600; }
RIGHT_MFCD = { x = 3150; y = 90; width = 600; height = 600; }
UIMainView = Viewports.Center
GU_MAIN_VIEWPORT = Viewports.Center

Hiyo 2010 imetoka wapi? Moniti kubwa inaishia 1920, ongeza 90 za vitufe. Na 3150? Desktop nzima inaishia 3840, toa 780 unapata 3060, ongeza 90. Moniti yako ikiwa ya saizi nyingine piga hesabu yako, usikopi namba zangu halafu uje kulalamika. Na ukiandika kwa Notepad angalia jina wakati wa kusevu, Windows inapenda kuliita kioo_hornet.lua.txt kimya kimya, unakaa unatafuta kwenye orodha ya DCS jina lako halipo.

Fungua DCS, Options, System. Kwenye Resolution andika mwenyewe 3840x1080, kwenye Monitors chagua kioo_hornet, Full Screen toa tiki. Hapo hapo kuna Res. of Cockpit Displays, weka 1024 ile isiyo na every frame, kwa sababu 512 ukiitandaza kwenye pikseli 600 maandishi yanakuwa kama yamelowa. Ukiingia kwenye ndege ukaona picha ya nje imetandazwa moniti zote mbili, ujue Monitors bado iko kwenye 1 Screen. Na ukianza na ndege iliyozimwa DDI zitakuwa nyeusi, usipaniki mzee, zina kile kinobu cha OFF, NIGHT na DAY, hata kwenye ndege halisi zinawashwa.

Usiende Helios mpaka hapa picha mbili zimetokea mahali pake. Nasema kwa uchungu.

Helios ina sehemu mbili: Profile Editor ya kuchorea, na Control Center ya kuendeshea ukiwa unarusha. Fungua Editor, anza profaili mpya, itaziona moniti zako mbili. Ongeza interface ya DCS F/A-18C, kisha kwenye mipangilio yake ikubalie iweke vitu vyake kwenye Saved Games\DCS\Scripts na kuongeza mstari kwenye Export.lua. Kama unatumia SRS (redio ya kuongea na wenzako) au Tacview (ya kurekodi safari), nao wana mistari yao kwenye faili hilo hilo, kwa hiyo likopi pembeni kwanza na kamwe usilibadilishe zima zima kwa ulilodownload sehemu, vinginevyo redio itakufa na utaanza kumlaumu mtu mwingine.

Sasa buruta vitufe vya DDI ya kushoto ukavipange kuzunguka lile pengo la 600. Kuna kitu kimoja hapa kimekula jioni zangu mbili. Nimepanga kila kitu, nawasha profaili, DDI nyeusi tii. Nazima profaili, picha inarudi. Nawasha, nyeusi. Nikafuta faili la lua nikaandika upya mara nne, nikainstoli upya Helios, nikafikiri kadi ya picha imechoka. Kumbe kwenye sifa za ile moniti ndani ya Editor kuna kitiki kinaitwa Fill Background, kimewashwa, kwa hiyo Helios inapaka rangi kioo kizima na kuifunika DCS iliyoko chini yake. Nikatoa tiki, nikaweka Always on Top, picha hiyo hapo inanicheka.

Ukimaliza DDI moja SIMAMA. Usiendelee na ya pili. Washa profaili kwenye Control Center, ingia kwenye ndege ukiwa chini, bonyeza kitufe namba 18, kile cha katikati chini, menyu inatakiwa ihame kutoka ukurasa wa TAC kwenda wa SUPT na kurudi. Ikihama, bomba lote linapitisha maji, sasa panga ya kulia, halafu UFC. Isipohama angalia mambo mawili: interface uliyoweka ni ya Hornet kweli, na mstari wa Helios umeingia kwenye Export.lua.

Utamu wenyewe utauona siku ya kurudi melini. TCN, ON/OFF, saba, moja, ENT, tayari tacan, redio ya kukuonyesha meli iko wapi, imeingia na macho yangu yalishuka mara moja tu. Kwa mausi hiyo ilikuwa shughuli.

Ila sasa nikuambie kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, hata mimi. Ukishaona inafanya kazi unapata ulafi, unataka kila swichi ya kokpiti iende kwenye kioo. Kioo hakina mgongo wa kupapasa. Kidole hakijui kiko wapi mpaka jicho liangalie, kwa hiyo chochote unachokihitaji huku shingo imegeuka nyuma kumtafuta adui kisikae pale. TDC (ya kusogeza alama kwenye rada), kuchagua silaha, chaff na flare za kudanganya makombora, speedbreki, hivyo viache kwenye joistiki na throto. Kioo ni cha mambo ya kutulia: namba, menyu, Master Arm (swichi ya kuruhusu silaha), gia, taa. Mi nilijaza swichi 60 na kitu, leo zimebaki chini ya nusu.

Kinachosaidia kidogo kwenye hilo la kupapasa ni fremu. Nilimpa fundi seremala plaiwudi nyembamba akakata matundu, nikapuliza rangi nyeusi ya spreyi, nikaiegemeza juu ya kioo. Kidole kikishafika ukingo wa tundu kinajua kiko DDI ya kushoto, hata kama macho yako mbele. Hapa ndo fremu ya infraredi inakuangusha, itaiona plaiwudi yote kama vidole.

Jambo la mwisho, EMERG JETT, kitufe cha dharura cha kudondosha mizigo ya chini ya ndege, usiiweke kwenye kioo. Mi niliiweka kwa sababu ile rangi ya njano na nyeusi inapendeza. Siku moja niko kwenye autopilot nikaenda kuzima jiko, dakika mbili tu, narudi nakuta mwanangu wa miaka mitatu amesimama juu ya kiti changu anacheka na ndege imekuwa nyepesi ghafla, matanki na mabomu yote yako chini baharini.